Kete, Herufi na Silabi: Juu ya Kubuni na Kupima Michezo ya Maneno

Mchezo ni jambo ambalo watu wa istilahi hulipita njiani bila kulitupia jicho. Twakusanya maneno ya sheria, ya udaktari, ya benki na ya mitambo, na twafanya vyema. Lakini mwalimu anayetaka kuwachezesha wanafunzi wake mchezo wa maneno kwa Kiswahili huyatafuta maneno ya kazi hiyo asiyapate mahali pamoja, na mfasiri aliyekabidhiwa kanuni za mchezo wa kigeni hujibunia peke yake. Matokeo yake ni kwamba kila sanduku la mchezo huja na Kiswahili chake. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba jambo hili si dogo kama lionekanavyo, kwa kuwa mchezo wa maneno humlazimisha mbunaji wake kujibu swali ambalo hata wanaisimu hulizunguka: neno ni nini, na ni nani mwenye haki ya kulikubali au kulikataa?

Yafaa tuanze na mali tuliyo nayo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na huchezwa kwa kete 64. Waliolitunga hawakuacha majina yao, lakini waliacha istilahi kamili. Kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi. Mchezo una kipindi cha namua na kipindi cha mtaji. Na mchezaji asiyepata cha kula hutakata. Hebu tuyaangalie maneno hayo. Hakuna hata moja lililotafsiriwa kutoka kwingine, wala hakuna lililoundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno kama tufanyavyo sisi mara nyingi katika vikao vyetu. Ni maneno ya nyumbani na ya mwilini, yakapewa kazi nyingine, na mchezaji mpya huyashika kwa siku moja.

Michezo iliyotoka ng'ambo ilikuja na maneno yake. Sataranji ilipitia kwa Waajemi na Waarabu, na jina lake la asili katika Kisanskriti lilikuwa na maana ya sehemu nne za jeshi. Karata na turufu ni za Wareno, na hata majina ya aina nne za karata, yaani kopa, uru, pau na shupaza, ni Kireno kilichovaa kanzu. Hapa watangulizi wetu hawakuona haya kukopa. Walakini jambo linalotupendeza zaidi ni njia ambayo maneno ya mchezo hutoka mchezoni na kwenda kufanya kazi mjini. Bao, ambalo kwanza ni kipande cha mti, likawa jina la mchezo, kisha likawa hesabu ya ushindi, na leo mtangazaji wa mpira husema kwamba timu fulani imefunga mabao mawili bila mtu yeyote kufikiri juu ya ubao. Mwanasiasa naye hucheza karata yake ya mwisho na kuificha turufu. Anayedharau istilahi za michezo hajui maneno yake mwenyewe yalikotoka.

Sasa tuingie katika michezo ya maneno yenyewe, ile inayochezwa kwa herufi. Mchezo wa kujaza maneno katika miraba, ambao magazeti yetu huuita chemshabongo, una tarehe ya kuzaliwa inayojulikana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliuchapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi na jina la Word-Cross. Baada ya majuma machache wapanga chapa walikosea wakayageuza maneno hayo mawili, na kosa lao ndilo lililobaki kuwa jina. Istilahi nyingine, basi, huzaliwa katika chumba cha chapa, si katika kamati.

Kisa cha Scrabble ni kirefu zaidi, na kina mafunzo zaidi kwetu. Alfred Mosher Butts, aliyezaliwa mwaka 1899 huko Poughkeepsie, alikuwa msanifu wa majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi uliofuata mwaka 1929. Hakuanza kwa kuchora ubao. Alianza kwa kuandika uchambuzi, akiigawa michezo katika mafungu matatu: michezo ya kusogeza vipande kama sataranji, michezo ya namba kama dadu na karata, na michezo ya maneno. Akaona kwamba fungu la tatu halikuwa na mchezo uliopata umaarufu wa kweli, na akataka mchezo ambao bahati na ujuzi vitagawana kazi. Ndipo akakaa na gazeti la New York Times na machapisho mengine, akahesabu kwa mkono ni mara ngapi kila herufi inatokea. Hesabu hiyo ndiyo iliyotoa kete 12 za E na kete moja moja za Q na Z. Kete za S alizifanya nne tu, chache kuliko hesabu ilivyodai, kwa sababu aliona kwamba wachezaji watajipatia alama za bure kwa kubandika S ya wingi mwishoni mwa kila jina.

Mchezo wake wa kwanza uliitwa Lexiko na haukuwa na ubao. Mwaka 1938 akauongezea ubao wa vyumba 15 kwa 15, akauita Criss-Crosswords. Makampuni makubwa ya michezo yaliukataa, na ofisi ya hataza ikamrudisha. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1948 James Brunot alikubaliana naye kuutengeneza, akapanga upya vyumba vya kuzidisha alama, akalegeza kanuni, akaongeza zawadi ya alama 50 kwa anayetumia kete zake saba kwa mpigo mmoja, na akatafuta jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nalo. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400 wakapata hasara ya dola 450. Umaarufu uliwajia ghafla kuanzia mwaka 1952, na mwaka 1953 kazi ya kuutengeneza ikachukuliwa na Selchow & Righter, kampuni ambayo zamani ilikuwa miongoni mwa zile zilizoukataa.

Tumekaa juu ya kisa hiki kwa sababu moja. Watu wengi huona kwamba kuuleta mchezo huo katika Kiswahili ni kazi ya kutafsiri karatasi ya kanuni tu. Sivyo. Kilichobuniwa na Butts hakikuwa kanuni, bali hesabu ya lugha moja. Mwenye kutafsiri kanuni na kuacha hesabu ametafsiri ganda akasahau kiini.

Tuchukue sentensi moja ya kawaida, ambayo mtumishi yeyote wa serikali angeweza kuibandika ukutani: Wananchi wote wanaombwa kulipa kodi kabla ya mwisho wa mwezi. Ina herufi 51. A imetokea mara 10, W mara 7, I mara 5, O mara 4, na N, M na K mara tatu kila moja. Katika seti ya Kiingereza kuna A tisa, W mbili, M mbili na K moja tu, tena W ina thamani ya alama nne na K alama tano kwa kuwa huko ni adimu. Maana yake ni kwamba hata tukiimwaga mezani seti nzima yenye kete 100, pamoja na zile mbili zisizo na herufi, tangazo hilo dogo la kodi haliwezi kuandikwa. Tutapungukiwa na kete tisa, na kete tupu zitaziba mbili. Upande mwingine Q na X zitabaki mkononi kama sarafu za nchi nyingine. Ni kweli kwamba sentensi moja si utafiti, na mwenye kutaka kutengeneza seti ya Kiswahili hana budi kuhesabu maelfu ya kurasa za aina mbalimbali, maana Kiswahili cha matangazo si Kiswahili cha hadithi. Lakini hata sentensi moja yatosha kuonyesha mwelekeo.

Kisha liko suala la C. Katika maandishi yetu sanifu C haisimami peke yake. Daima yamngoja H. Kete yenye C ni yatima. Wahispania walilikabili jambo kama hilo kwa kuzipa CH, LL na RR kete zao, na Wawelisi katika seti yao wakafanya vivyo hivyo kwa jozi zao nyingi, zikiwamo CH, DD, FF, NG, LL na TH. Nasi tunayo mifano ya kufuata katika CH, DH, GH, NG', NY, SH na TH. Twaona kwamba hili halina ubishi mkubwa. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa ch kuwa sauti moja, na haifai mchezo umfundishe vingine jioni.

Ubishi wa kweli uko katika neno. Katika Kiingereza mchezaji huongeza S nyuma ya jina akapata wingi. Katika Kiswahili wingi uko mbele, na aghalabu hauongezwi bali hubadilishwa: kitabu hakiwi vitabu kwa kubandika kitu, ila kwa kung'oa. Kitenzi nacho hufanya kinyume chake, kwani hupokea viambishi mbele bila kuchoka. Soma huwa nasoma, kisha anasoma, kisha wanasoma. Tukichukua nafsi sita tu na nyakati nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, kitenzi kimoja kimekwisha kuzaa maumbo 24, nasi hatujagusa ukanushi, wala yambwa, wala ngeli nyingine, wala mnyambuliko. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya mwaka 2015 baada yake, hazina anasoma, na si kosa lao; kamusi huandika shina ikamwachia msemaji kazi iliyobaki. Basi ikiwa kanuni itasema, kama isemavyo ile ya Kiingereza, kwamba neno halali ni lile lililomo kamusini, mtoto atakayeweka wanasoma ataambiwa hilo si neno. Twaomba walimu wafikiri juu ya jambo hilo. Tutakuwa tumempa mwanafunzi chombo cha kumfundisha kwamba maneno asemayo mchana kutwa hayamo katika lugha yake. Na mtoto wa Lamu au wa Lubumbashi, ambaye baadhi ya maneno ya nyumbani kwao hayajapata nafasi katika kamusi zetu, ataambiwa hivyo mara mbili.

Njia ya pili ni kuruhusu maumbo yote. Hapo mchezo hulegea, kwa kuwa kila kitenzi kilichoko mezani huwa mlango wazi kwa mwenye N na A. Tena kuna kizuizi cha kuchekesha: hawakutufundisha ni neno moja ambalo kila mzazi amelisikia, lina herufi 16, na ubao una vyumba 15.

Mbona tunabanwa hivi? Sisi twaona sababu ni kwamba tumekubali kipimo cha wengine bila kukihoji. Herufi ni kipimo cha uandishi wa Kilatini, lakini uchezaji wa maneno miongoni mwa Waswahili haujapata kwenda kwa herufi. Mshairi huhesabu mizani, nayo ni silabi. Watoto wanaosema kwa kinyume huchukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, kitabu kikawa bukita na nyumba ikawa mbanyu. Edward Steere aliyaandika mazoea hayo ya Unguja katika kitabu chake cha mwaka 1870, kwa hiyo si mambo ya jana. Hawageuzi herufi, hakuna mtoto asemaye ubatik. Masikio yameamua zamani, na sisi tulioshika kalamu tumechelewa kuyasikiliza. Hata lile neno lililokataa kuingia ubaoni, tukilipima kwa silabi, ni ha-wa-ku-tu-fu-ndi-sha, yaani silabi saba, sawasawa na idadi ya kete anazoshika mchezaji mmoja wa Scrabble.

Lakini tusifurahi mapema, maana mbunaji wa haki hupima udhaifu wa kazi yake kabla ya kuisifu. Konsonanti zetu 25 zikibeba irabu tano, na irabu zenyewe zikiongezwa, twapata 130. Tukitia mb, nd, ng, nj, nz na mv twafika 160, na bado kwa, bwa, mwa na ndugu zake. Sanduku la kete 100 haliwezi kuzichukua zote hata mara moja. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu, kama alivyohesabu Butts, na kuingiza silabi zinazotumika sana tu, nyingine zikaachiwa kete tupu. Ya pili ni kuandika konsonanti peke yake juu ya kete na kumwacha mchezaji aipe irabu aitakayo, mradi maneno yanayokatana yakubaliane juu ya irabu hiyo. Njia hii inatukumbusha hati za Kiarabu zilizoandika Kiswahili kwa karne nyingi, ambamo konsonanti ndiyo mwili na irabu ni alama juu yake au chini yake. Inapendeza, lakini ni nyepesi mno: mwenye P na K ana paka, pika na poka bila kutoa jasho. Sisi twaelekea kwenye njia ya kwanza, ijapokuwa ina kazi kubwa zaidi.

Mchezo wa mnyororo hauhitaji sanduku wala fedha ya idara. Wajapani wana shiritori, ambamo kila neno huanza kwa silabi iliyomaliza neno lililotangulia, na anayetaja neno lenye kuishia na sauti ya n peke yake ameshindwa. Kwa Kiswahili mnyororo huu waenda vizuri ajabu: kitabu, bunduki, kiti, tija, jamaa. Upungufu wake ni kwamba maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo ule mtego wa n haupo, na mchezo usio na mtego hauna mwisho. Lakini tukitazama vizuri twaona mitego midogo. Ng'ombe hupata mbegu, mlango hupata ngoma, ila ni vigumu kupata neno linaloanza kwa nzo. Kwa hiyo mchezaji mjanja anayetaja mwanzo amekwisha kuumaliza mchezo, na tungependa walimu wajaribu kanuni hiyo darasani waone kama watoto watacheka au watagombana.

Katika kupima mchezo, mbali na hesabu, tuangalie unamfundisha nini mchezaji asiyeambiwa. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza mwaka 1904 kwa mchezo wake wa makabaila wa ardhi, ambao aliutunga ili watu waone madhara ya ardhi kumilikiwa na wachache. Ukapita mikono mingi, na mwaka 1935 ukauzwa kwa jina la Monopoly na kwa jina la mtu mwingine, na tangu hapo wachezaji wamekuwa wakifurahia kuwafilisi jirani zao. Nia ya mbunaji haikuwafikia. Kanuni ndizo zilizowafikia. Vivyo hivyo, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuzungumza Kifaransa, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi kichwani orodha ya maneno. Mwaka 2024 akafanya hivyo kwa Kihispania. Twamvulia kofia, lakini kwa mwalimu habari hiyo ni onyo: mchezo wenye orodha kuwa hakimu hupima kumbukumbu ya orodha. Mwaka huo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia kwa Kiingereza, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mchezo huo ni wa watu wa mbali.

Ikilinganishwa, kitendawili kina hakimu mwingine. Mtegaji hutega, wasikilizaji hujaribu, wakishindwa humpa mji. Na jibu lisilowatosheleza hukataliwa papo hapo na wale wale wanaoijua lugha. Twapendekeza kanuni ya neno halali katika mchezo wa Kiswahili ifuate mfano huo. Mchezaji ambaye neno lake limepingwa alitumie katika sentensi. Wenzake wakilielewa na kulikubali, ni neno. Kamusi iwepo mezani kama mzee anayeulizwa ushauri, lakini isiwe askari.

Yamebaki maneno machache ya kazi. Kipande chenye herufi au silabi tungekiita kete, kwa kuwa jina hilo limekwisha kuhudumia bao na dama, na kwa kuwa kigae, ambacho baadhi ya wafasiri hukitumia, ni cha paa. Ubao ubaki ubao, ili bao lisipoteze mchezo wake. Mraba mmoja wa ubao uwe chumba. Nafasi ya kucheza ni zamu, na kulikataa neno la mwenzako ni kulipinga. Chemshabongo imekwisha kubeba maana mbili, ya mashindano ya maswali na ya miraba ya gazetini. Kwa hiyo pale ambapo mfasiri anahitaji kuzitenga, hiyo ya pili aiite fumbo la miraba. Kibao cha kushikia kete chaweza kuleta utani kwa wanaokumbuka kofi, nasi hatuoni ubaya. Kete isiyo na maandishi, ambayo juu tumeiita tupu kwa haraka, ingefaa zaidi kuitwa kete bubu, maana haina sauti yake ila husema kwa sauti ya yule aliyeiweka.